Foleni ya Desemba Likoni huanza Aprili

Kila Desemba ikikaribia, swali ni lile lile vibarazani Mombasa na katika matatu za Kusini: feri ngapi zinafanya kazi? Watu hawaulizi serikali ina feri ngapi. Hizo zinajulikana, majina yao yameandikwa ubavuni na hata watoto wa chekechea wa Likoni wanayajua. Wanauliza zinazotembea leo. Kati ya idadi ya feri tulizo nazo na idadi ya feri zinazotembea ndiko yaliko mateso yote ya msimu, na hilo pengo lina maelezo yake.

Tuanze na msafiri wa mbali. Anayetoka Kanja, kule Embu, kuja Ukunda kwa sikukuu atapita Embu mjini, Mwea, Thika na Nairobi, kisha ateremke na barabara ya Mombasa. Ni zaidi ya kilomita 600. Zamani, zote hizo zilikuwa rahisi kuliko nusu kilomita ya mwisho, yaani mkondo wa Kilindini. Leo mwenye gari ana njia nyingine: akifika Miritini anakata kulia, anashika barabara ya Dongo Kundu, anavuka Mwache na Mteza kwa daraja, na kutokea upande wa Kwale bila kuiona feri. Lakini huyo ni mwenye gari lake. Aliyeshuka na basi mjini, na yule mkazi wa Likoni, Mtongwe au Ng'ombeni anayevuka kila siku kwenda kibaruani kisiwani, hawana Dongo Kundu. Kwao barabara ni ile feri.

Na hao ndio wengi. Hesabu inayotajwa miaka yote ni watu zaidi ya 300,000 na magari yapatayo 6,000 kwa siku. Mtu wa miguu havuki kwa pesa, gari ndilo linalolipa. Kwa hiyo tukisema feri moja imepelekwa kutengenezwa, hatuzungumzii foleni ya magari peke yake. Tunazungumzia umati uliosimama ndani ya banda, jua la kaskazi linawaka, wenye watoto mgongoni na mizigo kichwani, wakingoja lango lifunguliwe.

Chelezoni hufanywa nini

Wengi hudhani feri ikienda chelezoni imeharibika. Si lazima. Chombo cha chuma kinachokaa katika maji ya chumvi usiku na mchana ni kama jino: kisipoangaliwa wakati hakiumi, kitaangaliwa kikiuma.

Kwanza tumbo. Chaza na mwani hujishika chini ya maji, chombo kikawa kizito, injini ikanywa mafuta zaidi kwa mwendo ule ule. Chombo kikishakaa pakavu, hukwanguliwa na kupakwa rangi maalumu. Pili, mabamba ya chuma hupimwa unene kwa chombo cha mawimbi ya sauti, kwa sababu kutu hula kwa ndani na jicho halioni. Bamba lililokonda hukatwa na kuchomelewa jipya. Tatu, vipande vya zinki vilivyofungwa chini hubadilishwa. Kazi ya zinki ni kuliwa na chumvi kwa niaba ya chuma. Zinki ikiisha, zamu ya kuliwa ni ya feri yenyewe. Kisha hufuata rafadha na vifungio vyake vinavyozuia maji kuingia, injini, pampu, vifaa vya kuzimia moto, maboya, na lango.

Hilo lango si jambo dogo. Feri ya Likoni haina tezi wala omo. Pande zote mbili ni mbele, na kila upande una lango linaloshuka na kupanda kila safari, likikanyagwa na malori. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lenye mama na mwanawe lilitumbukia mkondoni kutoka MV Harambee, na miili yao ikatolewa siku 13 baadaye. Tangu siku hiyo habari ya lango la feri imekuwa ya kila mtu anayevuka, si ya mafundi peke yao.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka meli ya abiria ikaguliwe kila mwaka, na katika kila miaka mitano tumbo lake liangaliwe likiwa nje ya maji angalau mara mbili. Feri za ndani ya nchi huwa chini ya sheria za nchi yenyewe: Kenya ni Mamlaka ya Bahari, KMA, na Tanzania bara ni TASAC. Maana yake ni moja. Cheti cha chombo kina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haiangalii Krismasi wala Idd.

Umri nao una lake. MV Nyayo, MV Harambee na MV Kilindini ni za mwaka 1990. MV Kwale na MV Likoni zilikuja 2010, na MV Jambo 2017, kisha ikafuata MV Safari. Chombo kipya hukaa chelezoni muda mfupi kwa sababu fundi anajua atakuta nini. Cha zamani hufunguliwa kwa kazi ya wiki tatu, bamba moja likitolewa linaonekana la pili limeoza, la pili linaonyesha la tatu. Kipuri hakiko Mombasa, kinaagizwa Ulaya au Uturuki. Zabuni inataka saini. Wiki tatu zinakuwa miezi mitatu, na aliyeahidiwa Oktoba anaingia Desemba akiwa bado anangoja.

Hesabu ya foleni

Kuna jambo linalowashangaza wengi: mbona feri moja tu ikitoka kati ya tano, foleni haiongezeki kwa sehemu moja ya tano bali inakuwa balaa? Tufanye hesabu ya mfano, tarakimu rahisi tu za kuelewesha.

Chukulia feri tano, kila moja inavusha magari 80 kwa saa kuelekea upande mmoja. Jumla ni 400. Chukulia pia magari yanayofika ni 400 kwa saa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Mambo ni sawa, kila anayefika anavuka. Sasa toa feri moja. Zinavuka gari 320, na kila saa 80 zinabaki. Ikifika saa nne, gari 320 ziko barabarani, na anayefika wakati huo atangoja saa nzima. Toa feri ya pili: zinavuka 240 kwa saa, zinabaki 160, na saa nne asubuhi kuna gari 640 zinazongoja. Anayefika hapo atangoja saa mbili na dakika arubaini. Feri ya kwanza kukosekana ilileta saa moja, ya pili imeongeza saa moja na dakika arubaini juu yake.

Halafu kuna kumaliza foleni. Katika ule mfano wa feri nne, tuseme baada ya saa nne magari yamepungua na yanafika 300 kwa saa. Zinavuka 320. Kila saa foleni inapungua kwa gari 20 tu. Kuimaliza kunahitaji saa kumi na sita. Ndiyo maana feri ikikwama kidogo asubuhi, watu wa jioni wanaikuta foleni na hawajui ilitoka wapi.

Ongeza maji. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakitoka sana mteremko wa kushukia unakuwa mkali. Malori na magari ya chini hayawezi kupanda bila kukwaruza, na upakiaji unasita. Kwa feri zote zikiwapo, bamvua ni usumbufu. Kwa feri pungufu katikati ya sikukuu, ni kisirani.

Mtongwe hulipa deni la Likoni

Chombo kikikosekana, msimamizi ana mambo matatu ya kufanya. Anaweza kuchelewesha matengenezo ya kingine, anaweza kupunguza safari, au anaweza kuhamisha chombo kutoka njia yenye watu wachache kukipeleka kwenye watu wengi. Hili la tatu ndilo linaloonekana la busara, na mara nyingi ndilo linalofanywa. Lakini kila feri inayohamishwa inamwacha mtu ng'ambo.

Kwetu mtu huyo ni wa Mtongwe. Njia yake ndogo, ya kuingia kisiwani bila kuzunguka Likoni, imekuwa ikifunguliwa na kufungwa. Ilizinduliwa tena kwa shangwe Machi 2017. Likoni ikipungukiwa, macho huelekea Mtongwe, na mkazi wa huko hurudi kupanda matatu hadi Likoni kwenda kuongeza ule umati uliokuwa umepunguzwa. Katika karatasi za ofisini kilichofanyika ni kuhamisha chombo. Kwa mkazi wa Mtongwe ni nauli ya ziada kila siku, na kuamka saa kumi badala ya saa kumi na moja.

Na Mtongwe ina kumbukumbu isiyofutika. Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya MV Mtongwe I ilipinduka muda mfupi tu baada ya kung'oa nanga ikiwa na watu wapatao 400, zaidi ya uwezo wake. Walikufa watu 272. Waliopakia hawakuwa na nia mbaya; walikuwa wanawahi kazini. Ndiyo hatari yenyewe ya feri pungufu. Msongamano ukizidi, kila mtu, abiria na mfanyakazi pamoja, anashawishika kusema "waingie tu, ni mwendo wa dakika chache".

Jirani zetu wa Kigamboni

Ndugu zetu wa Dar es Salaam wameonja habari hii kwa upande wao. Kivuko cha MV Magogoni, chenye uwezo wa abiria 2,000 na magari 60, kililetwa hapa Mombasa mwaka 2023 kwa matengenezo makubwa. Kazi ikachukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Magogoni na Kigamboni zikabaki mikononi mwa MV Kigamboni na MV Kazi, ambazo ni ndogo kuliko hiyo.

Kilichofuata ni somo. Chombo kidogo kikibeba kazi ya kikubwa, kinachoka kabla ya wakati wake, na siku ya kukitengeneza ikifika hakuna wa kushika zamu. Hapo matengenezo huahirishwa, na yakiahirishwa kinaharibika. Kwa hiyo ubovu wa chombo kimoja huambukiza vingine. Mwishowe vyombo vidogo vya kasi vya Azam vililetwa kusaidia abiria wa miguu. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, lilikuwa limekwisha kuwapunguzia wenye magari shida, kama Dongo Kundu linavyofanya kwetu. Na huko pia waliobaki majini ni watembea kwa miguu.

Mafunzo ni haya: chombo kikubwa hakitolewi kazini mpaka kitakachoshika nafasi yake kiwepo na kiwe kizima, na kabla hakijafunguliwa chelezoni vipuri viwe vimeshafika.

Si kila chombo ni cha kila maji

Zanzibar inatufundisha upande mwingine wa kuhamisha vyombo. MV Skagit ilijengwa kuvusha abiria katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, jimbo la Washington, Marekani. Huko ilifanya kazi yake miaka mingi, ikauzwa 2011, ikaletwa kwetu. Tarehe 18 Julai 2012, siku mbili kabla ya Ramadhani, watu wakikimbilia kufunga mwezi nyumbani, ilikuwa safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Kusi lilikuwa limechachamaa. Ilizama karibu na Chumbe, na familia nyingi za Unguja zikaingia Ramadhani na msiba. Mwaka mmoja kabla, Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba siku chache baada ya Idd, ikiwa imejazwa kupita kiasi.

Misiba yote miwili iliangukia msimu wa safari. Kilindini si bahari ya Nungwi, na feri ya Likoni haivuki bahari kuu. Lakini kanuni ni moja: chombo huhamishwa pale maji, gati, cheti na mabaharia wanapokubaliana nacho. Lango liwe na urefu unaofaa gati lile. Nahodha awe anaujua mkondo ule. Cheti kiseme idadi ya abiria kwa njia ile, si kwa njia kilikotoka. "Chombo kipo, kipelekeni" si mpango.

Lini basi?

Wazee wa majahazi walikuwa na jibu lao. Masika ikiingia na kusi kuanza kuvuma kwa nguvu, walifunga bahari. Jahazi lilipandishwa pwani, likatiwa kalafati, likapakwa sifa na shahamu, matanga yakashonwa. Walijua kuna miezi ya kazi na miezi ya kutengeneza, na aliyepuuza ya pili hakuimaliza ya kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baharini hakuna mahali pa kujenga ukuta.

Feri haina mwezi wa kufunga. Watu wanakwenda kazini Januari na Juni vile vile. Lakini kuna miezi yenye nafuu. Kuanzia masika hadi Juni wageni wa Diani ni wachache, na magari ya kutoka bara yanapungua. Desemba ni kinyume chake: shule zimefungwa, hoteli zimejaa, basi na gari moshi zinashusha watu usiku na mchana. Agosti nayo ina likizo na watalii wake.

Lipo na jambo ambalo mipango ya kiofisi huelekea kulisahau. Kalenda ya Pwani ni mbili. Krismasi haitoki mahali pake, lakini Idd hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Idd ya Mfungo Mosi iliyokuwa Juni itaingia Mei, Aprili, mpaka Machi, na ile ya Mfungo Tatu inaifuata nyuma. Kwa hiyo dirisha la matengenezo halikai mahali pamoja. Mpango ulionakiliwa kutoka mwaka juzi unaweza kuiweka feri chelezoni siku ya Arafa. Anayepanga ratiba ya feri za Mombasa lazima aweke kalenda zote mbili mezani, na jedwali la bamvua kando yake.

Ndiyo sababu tunasema foleni ya Desemba huanza Aprili. Zabuni ya vipuri isipokuwa tayari mapema, chombo hakiingii chelezoni masika. Kisipoingia masika, kitaingia Septemba kwa shida, au hakitaingia kabisa, na kitajipeleka chenyewe Desemba 23 kwa kuzimika katikati ya mkondo, huku meli ya makontena inapiga honi ikitaka njia.

Tuulize nini

Huduma hii imepita mikono mingi. Kenya Bus iliiendesha Likoni, Halmashauri ya Bandari (KPA) ikaichukua 1989, likaja Shirika la Feri, na sasa imerudi chini ya KPA. Kila mabadiliko yaliahidi vyombo vipya. Vyombo vipya ni vizuri, lakini chombo kipya kisicho na ratiba ya matengenezo ni chombo cha zamani kinachosubiri wakati wake.

Katika jimbo la Washington, kule kule Skagit ilikotoka, shirika la vivuko nalo linasumbuliwa na vyombo vikongwe. Lakini kila wiki hutoa taarifa kwa umma: chombo gani kiko njia gani, kipi kimetolewa kwa matengenezo, njia ipi imepunguziwa safari. Abiria wao wanalalamika kama sisi. Tofauti ni kuwa wanalalamika wakijua.

Hilo halihitaji fedha nyingi. Ubao mmoja Likoni, mmoja Mtongwe, mmoja upande wa mjini, na tangazo la redio kila Jumapili: feri zinazofanya kazi wiki hii ni hizi, iliyoko chelezoni ni hii, iliingia tarehe hii na inatarajiwa kutoka tarehe hii, siku za bamvua ni hizi, malori yajipange. Mwenye gari akisoma atachagua Dongo Kundu. Mwenye basi atabadilisha saa ya kuondoka. Mkazi wa Mtongwe atajua kama feri yake imechukuliwa kwa wiki mbili au kwa maisha.

Viongozi wetu wakija kuomba kura au kukata utepe, tuache kuwauliza wataleta feri ngapi. Tuwaulize maswali matatu. Kuna feri ya akiba, isiyo kwenye hesabu ya kila siku, ya kushika zamu moja ikiingia chelezoni? Vipuri vya mwaka huu vimeagizwa mwezi gani? Na ratiba ya chelezo ya mwaka ujao iko wapi, tuisome?

Anayeweza kuyajibu yote matatu Aprili hatakuwa na la kutueleza Desemba, kwa sababu hatutakuwa na la kumuuliza. Tutakuwa tumeshavuka.